Kompyuta Moja, Mifumo Miwili

MEZANI PA KARANI

Wasomaji wapenzi,

Tangu miezi michache nimepata barua, na mara nyingine nimesimamishwa njiani, na watu wenye neno moja lile lile. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameliandika vizuri kuliko wote. Basi namjibu yeye, na ninyi wengine sikilizeni, maana huenda likawa lenu kesho. Asema hivi:

"Ndugu Karani, kompyuta yangu ni nzima, nimeitunza miaka tisa. Sasa yaniambia kwamba mfumo wake umekwisha muda, na kwamba yenyewe haistahili kupewa mfumo mpya. Fundi wa mjini ameniambia niitupe. Rafiki yangu ameniambia niifute yote niweke Linux. Mke wangu ameniambia nisiguse kitu, maana picha za watoto zimo ndani. Je, nimsikilize nani?"

Ndugu Mwalimu, msikilize mke wako kwanza. Kisha soma makala hii mpaka mwisho, hasa pale nitakapoungama kosa langu mwenyewe, ili lisikupate na wewe.

SHIDA YENYEWE

Kompyuta haiwezi kufanya kazi yo yote bila mfumo endeshi. Huu ni programu kubwa iliyo juu ya programu nyingine zote. Ndio unaojua kibodi, kioo, diski na printa, ndio unaozipa programu nyingine ruhusa ya kuvitumia. Watu wengi kwetu hutumia mfumo uitwao Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Windows 10 ilitoka mwezi wa Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitengenezea marekebisho ya bure ya kila mwezi, ila kwa wale waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza.

Siku ile mashine hazikuzimika. Barua ziliandikwa na hesabu zilipigwa kama jana yake. Ila tangu hapo, mwizi akigundua tundu jipya katika mfumo ule, hakuna tena anayekuja kuliziba.

Na mfumo uliofuata, Windows 11, uliotoka mwaka 2021, una masharti. Wataka kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kichakata cha miaka ya karibuni. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 zimekataliwa, hata kama zina nguvu za kutosha kwa kazi ya mwalimu. Ndiyo maana mashine yako ni nzima, na hapo hapo yaambiwa ni mzee.

Kuitupa ni hasara. Kuifuta ni hatari kwa mtu asiyejua atakachokipata baadaye. Lakini iko njia ya tatu, nayo ni kuuweka mfumo wa pili katika flashi au diski ya nje, ukauwasha kutoka huko, na mfumo wa kwanza ukabaki mahali pake.

YAWEZEKANAJE?

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows siyo inayoamka kwanza. Kuna programu ndogo sana iliyokaa katika ubao wa mashine wenyewe. Katika mashine za zamani iliitwa BIOS, na katika za siku hizi huitwa UEFI. Programu hii hutazama huku na huku ikiuliza: mfumo uko wapi niuamshe? Kwa desturi hutazama diski ya ndani. Lakini ukiiagiza itazame kwanza katika tundu la USB, nayo ikakuta mfumo huko, itauamsha huo.

Mfumo ule mgeni hutumia kumbukumbu, kioo na kibodi cha mashine yako. Ni kama mpishi aliyeitwa kwa ajili ya harusi. Hupikia katika meko yako na masufuria yako, lakini unga, nyama na viungo amekuja navyo kikapuni. Akimaliza huondoka na kikapu chake, na ghala lako hakuligusa. Nasema hakuligusa kama hakuamriwa kuligusa. Neno hilo likumbukeni.

Mfumo unaotumiwa zaidi kwa jambo hili ni Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland. Alikitoa bure, watu wa mataifa mengi wakakiongeza, na leo kiko katika mashine kubwa za intaneti, na hata katika simu za Android zilizo mifukoni mwenu. Mwaka 2000 Mjerumani mmoja, Klaus Knopper, alitoa mfumo ulioitwa Knoppix, ambao wote mzima uliwaka kutoka katika CD bila kuwekwa katika diski. Ndio uliowazoeza watu wengi jambo hili.

Kisha mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu. Neno lenyewe mnalisikia. Ni la lugha za kusini, nalo ni ndugu wa neno letu "utu". Kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 2011, walipeleka CD zao kwa posta duniani kote bila malipo. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja alikuwa na CD moja kama hiyo katika bahasha yake. Aliiwasha mbele yetu katika kompyuta ya maktaba, akatuonyesha, akaitoa, akaizima mashine, na Windows ikarudi kama ilivyokuwa. Tulidhani ni mazingaombwe. Mwaka ule ule wa 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ulioitwa Kilinux ulitoa programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Basi msiseme mambo haya ni ya Ulaya tu.

NAMNA TATU ZA KUFANYA

Ndugu Mwalimu, watu hulitaja jambo hili kana kwamba ni moja, kumbe ni matatu.

Namna ya kwanza ni ya kujaribu tu. Mfumo huwaka kutoka flashi, waandika, wasoma, waingia intaneti. Ukizima, yote uliyoyafanya yamefutika, na kesho utaukuta mpya kama siku ya kwanza. Ni namna nzuri ya kujua kama mashine yako yakubaliana na mfumo ule.

Namna ya pili ni kama ya kwanza, ila katika flashi hutengwa nafasi ya kukumbuka. Barua uliyoandika jana utaikuta leo. Hii yafaa kwa kazi ndogo ndogo.

Namna ya tatu ni kuuweka mfumo kamili katika diski ya nje, sawasawa na vile ungeuweka ndani. Huu hukumbuka yote, hupokea marekebisho, nawe waweza kuongeza programu unazozitaka. Ndiyo namna ya mtu aliyekwisha kujaribu na kuridhika. Ndiyo pia yenye hatari, kama mtakavyosikia.

Tena angalieni chombo. Flashi ndogo ya bei nafuu yatosha kwa kujaribu, lakini kwa kazi ya kila siku hupata moto, huenda polepole, na huchakaa upesi, maana mfumo huandika ndani yake kila wakati hata wewe ukiwa umekaa kimya. Kwa namna ya tatu tumieni diski ya nje ya SSD. Angalieni na tundu pia. Tundu la USB 2.0 hupitisha biti milioni 480 kwa sekunde, na lile la USB 3.0, lililokuja mwaka 2008, hupitisha bilioni 5. Mara nyingi tundu la USB 3.0 lina plastiki ya bluu ndani yake. Mtu akichomeka diski nzuri katika tundu la zamani, atasema Linux ni nzito, kumbe uzito ni wa mlango.

MATAYARISHO

Fanyeni kwa utaratibu huu, wala msiruke hatua.

Kwanza, toeni nakala ya kila kitu mnachokipenda, picha za watoto zikiwa mbele. Nakala ikae katika chombo kingine, wala si katika flashi ile mtakayoitumia kwa mfumo, maana hiyo itafutwa yote.

Pili, tazameni kama diski ya ndani imefungwa kwa BitLocker. Mashine nyingine hufungwa hivyo bila mwenyewe kujua. Ikiwa imefungwa, tafuteni ufunguo wake wa akiba, wenye tarakimu 48, mwuandike katika karatasi na kuitunza. Mara nyingine, ukibadili mambo ya uwashaji, Windows hukuuliza ufunguo ule, na asiyekuwa nao hubaki nje ya mali yake mwenyewe.

Tatu, pakueni mfumo kutoka tovuti ya wenyewe, si kutoka kwa mtu msiyemjua. Kwa mwanzo nashauri Linux Mint, ulioanza mwaka 2006. Unafanana kiasi na Windows ya zamani, nao wataka kumbukumbu ya GB 2, ila GB 4 ni bora. Faili lake lakaribia GB 3, kwa hiyo msilipakue kwa bando la siku moja. Tafuteni ofisi au chuo chenye mtandao mzuri, mwombe kwa adabu.

Nne, faili lile halinakiliwi katika flashi kama picha. Huandikwa kwa programu maalum, mathalani Rufus au balenaEtcher. Flashi ya GB 8 yatosha. Kabla ya kubonyeza, someni mara mbili jina la chombo mlichokichagua.

Tano, zimeni Windows kabisa. Kwa kawaida Windows 10 ikizimwa huwa imelala nusu, ili iamke upesi kesho, na hali hiyo hulifanya jumba lake la mafaili liwe limefungwa kwa mfumo mwingine. Shikilieni kitufe cha Shift wakati wa kuchagua kuzima, nayo itazimika kweli.

Sita, chomekeni flashi, washeni, na hapo hapo gongeni kitufe cha kuchagua diski. Katika mashine nyingi za Dell na Lenovo ni F12, katika HP ni F9. Orodha ikitokea, chagueni USB. Mfumo ukikwisha kuwaka, msibonyeze alama ya kuuweka. Jaribuni kwanza. Je, mtandao wa Wi-Fi washika? Sauti yatoka? Printa yachapa? Ukifunga mfuniko na kuufungua, mashine yaamka? Jaribuni juma zima. Hili halina gharama, na likiwashinda, chomoeni flashi, mambo yamekwisha.

KOSA LANGU

Sasa nakuja kwenye lile nililoahidi.

Mwezi wa Novemba 2025, baada ya kujaribu kwa flashi majuma mawili, nilinunua diski ndogo ya SSD nikaamua kufanya ile namna ya tatu. Nilifanya jioni ya Ijumaa katika kompyuta ya ofisi ya parokia, kwa kuwa ndiyo niliyotaka kuiokoa isitupwe. Mashine ile si yangu. Ndani yake mna orodha ya vitabu vya ubatizo, hesabu za mama mweka hazina, na majina ya watoto wanaosaidiwa ada.

Programu ya kuweka mfumo iliniuliza niuweke katika diski gani. Nikachagua diski ya nje, nikahakikisha mara mbili, nikajiona mtu mwangalifu. Lakini chini ya ukurasa ule ule palikuwa na swali la pili: je, kiamshi kiwekwe wapi? Kiamshi ni ile programu fupi inayoshikana na UEFI, kisha kuuita mfumo wote uamke. Jibu lilikuwa limejazwa tayari, nalo lilikuwa diski ya ndani. Sikulisoma. Nikabonyeza. Kazi ikaisha, mfumo mpya ukawaka vizuri, nikafurahi kama mtoto. Nikachomoa diski, nikaitia mfukoni, nikafunga ofisi. Kesho yake alfajiri nikaenda mazishini katika kijiji cha mbali, ambako simu haishiki.

Asubuhi hiyo mama mmoja alifika ofisini kutoka mbali. Alitaka cheti cha ubatizo cha mwanawe, maana Jumatatu alitakiwa kukipeleka shuleni. Mama mweka hazina akawasha mashine ili atafute namba ya kitabu. Badala ya picha aliyoizoea, akaona kioo cheusi, neno moja "grub", na kialama kinachopepesa. Akazima, akawasha. Vile vile. Akaitwa kijana wa kwaya anayejua simu, kijana akatazama, akasema, "Mama, diski imekufa." Hapo mama akaketi akalia, kwa kuwa hesabu za mwaka mzima zilikuwa mle, na nakala ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa Juni. Mgeni naye alingoja katika benchi tangu saa tatu mpaka saa saba.

Aliyewaokoa ni Baba Paroko. Alifungua kabati, akatoa vitabu vikubwa vya wino kimoja kimoja, akapekua mwaka ule ukurasa kwa ukurasa, akaliona jina, akaandika cheti kwa mkono wake.

Jioni nilirudi nikawakuta wamenyamaza. Nikazima mashine, nikaiwasha, nikagonga kile kitufe cha kuchagua, na katika orodha nikaona "Windows Boot Manager". Nikaichagua. Windows ikafunguka, na hesabu zote zilikuwamo, hata moja halikupotea. Kisha nikaingia katika mipango ya UEFI, nikairudisha Windows iwe ya kwanza. Kazi yote haikuzidi dakika 10. Kumbe kiamshi kilikuwa kimebaki ndani ya mashine, na mfumo wake ulikuwa katika mfuko wa koti langu mazishini. Kiliita, hakuna aliyeitika.

Mama mweka hazina hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ulikuwa unajaribu kwa mali ya nani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo. Nilijua kuirudisha mashine katika dakika 10, lakini sikumwachia hata karatasi yenye mstari mmoja: ukiona kioo cheusi, gonga kitufe hiki, chagua jina hili. Ningaliandika mstari ule, mama asingalilia, na mgeni asingalingoja saa nne.

Kwa hiyo nawapa kanuni mbili. Ya kwanza: wakati wa kuuweka mfumo kamili katika diski ya nje, ondoeni diski ya ndani, au mwombeni fundi aiondoe kwa muda, au izimeni katika mipango ya UEFI kama mashine yaruhusu. Kusoma swali peke yake hakutoshi, kwa sababu baadhi ya programu za kuweka mfumo huandika kiamshi katika diski ya ndani hata mtu akichagua ile ya nje. Ya pili: kama mashine ni ya watu wengi, msiijaribie bila ruhusa, na msiondoke kabla hamjaiwasha bila diski yenu mkaona inaamka kama zamani.

SAA ILIYORUDI NYUMA

Liko jambo dogo ambalo huwashangaza wengi. Baada ya kutumia Linux, ukirudi Windows waweza kukuta saa imerudi nyuma saa 3. Kwenu ni saa nne asubuhi, mashine yasema ni saa moja. Si uchawi wala betri. Windows huihesabu saa ya ndani ya mashine kuwa ni saa ya nchi, na Linux huihesabu kuwa ni saa ya dunia, nasi wa Afrika Mashariki tumeitangulia hiyo kwa saa 3. Kila mmoja humsahihisha mwenzake. Dawa ni kuiambia Linux ifuate desturi ya Windows. Fungueni dirisha la amri, mwandike: sudo timedatectl set-local-rtc 1. Baada ya hapo vitapatana.

FAIDA NYINGINE, NA HATARI YAKE

Flashi yenye mfumo ni dawa ya kuweka kabatini. Siku Windows ikikataa kuwaka kwa sababu ya virusi au mafaili yaliyoharibika, waweza kuwasha kutoka flashi, ukaingia katika diski ya ndani, ukatoa picha na barua zako ukazihifadhi pengine. Nimewatolea majirani wawili picha za harusi kwa njia hiyo, baada ya kuambiwa mjini kwamba hakuna tumaini.

Lakini fikirini upande wa pili. Ikiwa mimi naweza kuyafungua mafaili yako bila kuulizwa neno lako la siri la Windows, basi na mwizi aweza. Neno lile hulinda mlango wa Windows tu. Diski isiyofungwa kwa ufunguo wake yenyewe ni kama sanduku lisilo na kufuli ndani ya chumba chenye kufuli. Na diski ya nje ni ndogo. Huanguka katika daladala, husahauliwa nyumba ya wageni. Wakati wa kuuweka mfumo, programu hukuuliza kama wataka diski ifungwe kwa neno la siri. Semeni ndiyo, na neno hilo msilisahau.

YASIYOWEZEKANA

Sitaki mtu aniandikie kwamba nimemdanganya. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa Windows haziwaki katika Linux vivi hivi. Barua na hesabu za Word na Excel hufunguka katika LibreOffice, ila mara nyingine mistari na majedwali husogea, kwa hiyo hati ya kuchapwa ikaguliwe kwanza. Mwenye programu maalum ya uhasibu, au printa isiyokubali, abaki na Windows yake kwa kazi hizo, na Linux aitumie kwa kuingia intaneti, ambako ndiko hatari iliko.

Wengine huuliza kama Windows yenyewe yaweza kukaa katika diski ya nje. Microsoft ilikuwa na mpango huo, Windows To Go, ulioanza na Windows 8 mwaka 2012 kwa ajili ya mashirika makubwa, lakini uliondolewa katika Windows 10 ya mwezi wa Mei 2020. Wenye kompyuta za Apple wao waweza kuwasha mfumo wa Apple kutoka diski ya nje, kwa utaratibu wa kampuni hiyo yenyewe.

JIBU KWA MWALIMU

Basi, ndugu Mwalimu, jibu langu ni hili. Mke wako asema kweli: picha za watoto kwanza. Zitoe, ziweke mahali pawili, mwonyeshe ili moyo wake utulie. Rafiki yako asema nusu ya kweli: Linux itakufaa, lakini hakuna haja ya kufuta kitu leo. Ijaribu kwa flashi juma zima, pamoja na mke wako, maana naye ataitumia. Mkiridhika wote wawili, nunueni diski ya nje. Baada ya miezi michache mtajua wenyewe kama mwataka kuufuta ule wa zamani au kuuacha. Fundi wa mjini mwambie mashine bado ina kazi.

Na juu ya mashine, mahali ambapo kila mtu ataona, bandika karatasi yenye maneno machache: kitufe cha kugonga, jina la kuchagua, na namba ya simu yako. Sisi hapa ofisini tunayo sasa. Mama mweka hazina ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na nakala ya hesabu zake huitoa kila Ijumaa kabla sijaingia ofisini.

Kwaherini, na mwenye swali aandike.

Ni mimi,
Karani wenu